Hewa Moja, Vifaa Arobaini: Ruta ya Nyumba Kubwa Ilitoka Wapi

Haya, leo tuzungumze kuhusu ruta. Swali lenyewe mnalijua kwa sababu wengi mmeshaniuliza kwa namna moja au nyingine: nyumba ni kubwa, ina ghorofa, simu ni nane, vipakatalishi vinne, runinga tatu, kamera za langoni, mashine ya kuchapisha, vidude vya watoto vya kuchezea michezo, na siku hizi mpaka balbu nazo zinataka mtandao. Ukihesabu vizuri unakaribia vifaa arobaini. Sasa ninunue ruta gani? Na mara nyingi muulizaji ameshaamua moyoni: anataka ile yenye antena nane kama buibui aliyelala chali, yenye namba kubwa kuliko zote kwenye boksi.

Jibu langu ni kwamba namba ile ya boksi ndiyo kitu cha mwisho cha kutazama. Lakini nikiishia hapo hamtaniamini, na mna haki. Kwa hivyo nitawapitisha njia ndefu kidogo, kwa sababu karibu kila kero ya Wi-Fi inayokusumbua sebuleni ina mwaka wake na mahali ilipozaliwa. Ukijua ilikotoka, kununua kunakuwa kazi nyepesi. Tunaanzia baharini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na tatizo la kijiografia. Kompyuta kubwa ilikuwa katika kisiwa cha Oahu, na watu waliotaka kuitumia walitawanyika katika visiwa vingine. Laini za simu zilikuwa ghali na hazitegemeki. Profesa mmoja aliyeitwa Norman Abramson pamoja na wenzake wakaamua kutumia redio. Mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kufanya kazi Juni 1971 kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Usicheke, kwa wakati ule hiyo ilikuwa kasi ya heshima.

Kilichokuwa kipya hasa ni ule utaratibu wa kuzungumza. Vituo vyote vya visiwani vilitumia masafa yale yale kutuma ujumbe kwa kompyuta kubwa. Hakukuwa na mwenyekiti wa kugawa nafasi. Ukiwa na pakiti ya data, unaituma tu. Ikifika salama unapata jibu. Ikigongana na pakiti ya mwenzako zote mbili zinaharibika, hupati jibu, nawe unasubiri kwa muda wa kubahatisha halafu unatuma tena. Muda lazima uwe wa kubahatisha, kwa maana mkisubiri sawasawa mtagongana tena na tena kama watu wawili wanaopishana kwenye kijia chembamba, kila mmoja akihamia upande ule ule wa mwenzake.

Utaratibu huu ni mwepesi na unavutia, ila una bei yake. Hesabu ya ALOHA inaonyesha kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya uwezo wa masafa itakayobeba ujumbe wa maana. Iliyobaki inaishia kwenye migongano na ukimya. Ukiongeza vituo zaidi baada ya hapo, mtandao hauendi polepole kidogo tu. Unaporomoka, kwa sababu kila mgongano unazaa ujumbe wa kurudiwa, na kila unaorudiwa unazaa mgongano mwingine.

Robert Metcalfe, kijana aliyekuwa Xerox PARC kule California, alichukua wazo hilo na mwaka wa 1973 akaanza kulipitisha kwenye waya. Ndiyo Ethernet. Kwenye waya unaweza kusikiliza huku ukizungumza, hivyo ukigundua umegongana na mwenzako unanyamaza papo hapo. Wi-Fi ilipokuja baadaye ilirudi hewani na kuipoteza raha hiyo. Redio inayotuma haiwezi kusikia mnong'ono wa redio nyingine. Sauti yake yenyewe inaizidi. Basi kifaa cha Wi-Fi husikiliza kwanza, kikikuta kimya husubiri kidogo kwa kubahatisha, hutuma, kisha hungoja kuthibitishiwa. Huo wote ni muda. Ndiyo maana ruta ya zamani iliyoandikwa 54 kwenye boksi ilikupa kama megabiti 20 na ushee tu, hata ukiwa peke yako chumbani.

Kwa hiyo shikeni neno moja: zamu. Vifaa vyako arobaini, vikiwa kwenye chaneli moja, viko katika baraza moja ambamo ni mmoja tu anayeruhusiwa kuzungumza kwa wakati mmoja. Ruta yenyewe pia ni mmoja wa wanabaraza hao.

Sasa tuone ni vipi hewa hiyo ikawa ya bure. Tarehe 9 Mei 1985, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, yaani FCC, ilifungua vipande vitatu vya masafa kwa vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni: karibu na megahezi 900, gigahezi 2.4 na gigahezi 5.8. Mhandisi aliyeisukuma sana hoja hiyo ndani ya tume alikuwa Michael Marcus. Vipande hivyo havikuwa mali ya thamani. Vilikuwa vimetengwa kwa mitambo ya viwandani, ya kisayansi na ya hospitali, na kile cha 2.4 ndicho jiko la maikrowevu linachotumia kupasha chakula. Wenye nguvu katika biashara ya redio hawakuvitaka. Vikawa kama kile kiwanja kando ya barabara ambacho kila mtu anapitisha mifugo.

Uamuzi huo ulileta baraka na balaa kwa mkupuo mmoja. Baraka ni kwamba kampuni yoyote ingeweza kutengeneza kifaa na kukiuza bila mnunuzi kuomba kibali. Balaa ni kwamba jirani yako ana haki sawa na yako. Kule 2.4, chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Katika ghorofa la Pipeline au Kilimani lenye familia thelathini, wote mnagawana barabara tatu, pamoja na maikrowevu za jikoni. Hakuna ruta ya bei yoyote inayoweza kununua barabara ya nne.

Walioingia kwenye kiwanja hicho mapema hawakuwa wakifikiria nyumba yako. NCR, kampuni iliyojulikana kwa mashine za kupokelea pesa madukani, ilitaka mashine hizo zihamishwe bila kuchimba sakafu na kupitisha waya upya kila duka likibadilisha mpangilio. Wahandisi wake wa Nieuwegein, Uholanzi, wakatengeneza WaveLAN. Mmoja wao, Vic Hayes, akawa mwenyekiti wa kamati ya kimataifa iliyoandika kanuni za 802.11 tangu mwaka 1990, akaishikilia kazi hiyo kwa miaka kumi. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1997 na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafuata nyongeza mbili, ile ya megabiti 11 na ile ya 54. Jina Wi-Fi lilitungwa mwaka huo huo na wataalamu wa kutunga majina ya biashara. Si kifupi cha kitu chochote, ingawa utaambiwa vingine.

Nyumbani iliingia kwa shangwe Julai 1999, Steve Jobs alipopanda jukwaani New York na kipakatalishi cha iBook kikiwa mtandaoni, akakipitisha ndani ya kipete cha kuchezea watoto ili watu waone hakuna waya uliofichwa. Kituo cha AirPort kiliuzwa dola 299 na kadi ya ndani ya kompyuta dola 99. Kituo kile kilikuwa na modemu ya simu ya 56K, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa bado zinapiga simu ili kuingia mtandaoni. Apple ilizungumzia umbali wa futi 150, kama mita 45.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizovalishwa mbao laini za jasi. Mawimbi ya 2.4 hupita humo bila shida kubwa. Nyumba ya Nairobi imejengwa kwa mawe ya machimboni, ghorofa yake ni slabu ya zege yenye nondo, milango ni ya chuma, na juu ya paa kuna tangi la maji. Mawe, zege, chuma na maji: ungetaka kuandika orodha ya vitu vinavyonyonya au kurudisha mawimbi, ungeandika hivyo. Na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyoyala zaidi. Gigahezi 5 hupita ukutani kwa shida kuliko 2.4, na 6, iliyoanza kufunguliwa Marekani mwaka 2020, kwa shida zaidi. Umbali uliopimwa ng'ambo usiuamini kabla hujagonga ukuta wako mwenyewe na kusikia unavyolia.

Ukuta una ujanja mwingine pia: mwangwi. Wimbi moja hufika kwenye simu yako mara nyingi, moja kwa moja na kwa kugonga kuta, na nakala zinazochelewa huvuruga ile ya kwanza. Kundi la wanasayansi wa CSIRO ya Australia wakiongozwa na John O'Sullivan, watu waliotoka kwenye elimu ya nyota za redio, walipata njia ya kulishinda tatizo hilo ndani ya majengo na kupewa hataza Marekani mwaka 1996. Walishtaki kampuni nyingi. Mwaka 2009 walielewana na kampuni 14, mwaka 2012 na nyingine zaidi, na kwa jumla walipata zaidi ya dola milioni 400 za Australia. Kuna Wamarekani ambao hadi leo wakisikia Waaustralia wakijiita wavumbuzi wa Wi-Fi wananuna. Tuwaachie ugomvi wao.

Sasa tufike kwenye ruta yenyewe, ile ambayo kila fundi wa programu wa rika fulani anaikumbuka kama watu wanavyokumbuka gari la kwanza la baba. Linksys ilikuwa kampuni ya mume na mke, Victor na Janie Tsao, wahamiaji kutoka Taiwan walioianzisha California mwaka 1988. Desemba 2002 walitoa kisanduku cha bluu na nyeusi chenye antena mbili, WRT54G. Mwaka 2003 Cisco iliinunua kampuni nzima kwa karibu dola milioni 500.

Wadadisi walipoichungulia ndani ya WRT54G wakakuta Linux. Katikati ya mwaka 2003 habari ilienea kwenye orodha za barua pepe za wanaprogramu: kampuni inauza kifaa chenye programu huria, lakini haitoi msimbo wake kama leseni ya GPL inavyodai. Kelele zikawa nyingi na Linksys ikautoa msimbo mwaka huo huo. Watu wakaupakua, wakaubadilisha, wakaurudisha ndani ya kisanduku. Mwanzoni mwa 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, na baadaye wengine kama DD-WRT. Kisanduku cha bei nafuu kikawa na uwezo wa ruta za ofisini: kupanga foleni za data, kugawa mtandao wa wageni na wa nyumbani, kupunguza au kuongeza nguvu za redio.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame kwa makini. Mwishoni mwa 2005 lilitoka toleo la tano la WRT54G. Jina lile lile, sura ile ile, boksi lile lile, namba ile ile ya 54. Ndani, Linux ilikuwa imetolewa na kuwekwa VxWorks, kumbukumbu ya kufanyia kazi ikapunguzwa kutoka megabaiti 16 hadi 8, na ya kuhifadhia kutoka 4 hadi 2. Waliotaka ile ya zamani walitengenezewa toleo jingine, WRT54GL.

Kwa nini kumbukumbu ni muhimu? Kwa sababu ruta ya nyumbani ni karani. Kampuni ya mtandao kwa kawaida hukupa anwani moja tu, nawe una vifaa arobaini. Mbinu ya kugawana anwani moja, iliyoandikwa rasmi mwaka 1994, inailazimu ruta kuandika daftarini kila mazungumzo: simu hii imefungua mlango huu kwenda kwenye seva ile. Simu moja ikifungua ukurasa mmoja wa gazeti inaweza kuanzisha mazungumzo kadhaa kwa mpigo. Vifaa vikiwa vingi na daftari likijaa, ruta hukwama, na baba wa nyumba huizima na kuiwasha huku akilaani kampuni ya mtandao. Boksi halikuambii ukubwa wa daftari. Tangu 2005 tulijua boksi linaweza kubaki vile vile huku karani akipunguzwa akili nusu.

Mwaka 2003 pia watafiti wa Grenoble, Ufaransa, wakiongozwa na Martin Heusse, walichapisha jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila duka la vifaa vya elektroniki la Luthuli Avenue. Kifaa kimoja cha polepole kinawachelewesha wote. Tufanye hesabu wenyewe. Pakiti ya kawaida ina biti 12,000. Kifaa chenye kasi ya megabiti 11 kinaituma kwa milisekunde 1.1 hivi. Kifaa kilicho mbali, nyuma ya kuta tatu, kinashuka hadi megabiti 1 na kuchukua milisekunde 12. Kanuni ya zamani ilitoa zamu sawa, moja kwako, moja kwake. Mzunguko mzima unachukua milisekunde 13.1, na kila mmoja amepata pakiti moja. Piga hesabu: kila mmoja anaambulia megabiti 0.9 hivi kwa sekunde. Yule wa 11 ameburutwa hadi chini ya yule wa 1! Ni kama mtu anayechangia harusini kwa kusoma barua ya kurasa ishirini huku wengine wakiwa na sentensi moja moja.

Katika nyumba yako yule mzee wa kurasa ishirini ni kamera ya langoni inayorusha picha saa 24 kutoka pembe ya mbali kabisa ya kiwanja. Ukinunua ruta ya bei mara tatu, kamera ile bado iko mbali, na redio yake ndogo bado ina sauti ile ile. Watu husahau kwamba mazungumzo ni ya pande mbili. Ruta yenye antena nane inapaza sauti, sawa, lakini simu yako haijapewa mapafu mapya ya kuijibu.

Na ile namba? Chukua ruta zilizouzwa kama AC5400. Zina redio tatu: moja ya megabiti 1,000, na mbili za 2,167 kila moja. Jumlisha: 5,334. Hata jumla yenyewe imesukumwa juu ili ipendeze. Simu ya kawaida huwa na antena mbili na huzungumza na redio moja kati ya hizo, kwa sehemu tu ya kasi yake, na baada ya hapo inangoja zamu. Ni sawa na mwenye matatu tatu kukuambia basi lake linakimbia kilomita 240 kwa saa kwa kuwa kila moja inakimbia 80.

Basi kama tatizo ni baraza kuwa moja na kubwa mno, dawa ni kuwa na mabaraza kadhaa madogo, kila moja na chaneli yake na watu wake walio karibu. Ofisi na mahoteli walilijua hilo zamani. Nyumbani lilichukua njia ya kuzunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi wa MIT walitundika antena juu ya mapaa ya Cambridge, Massachusetts, kila nyumba ikipokezana data na nyingine, mradi ulioitwa Roofnet. Kutoka humo ikatoka kampuni ya Meraki mwaka 2006. Mwaka 2016 eero ilileta wazo la kupokezana ndani ya nyumba moja, visanduku vitatu vidogo vya kupanga vyumbani, na Google ikafuata na vyake mwaka huo huo.

Visanduku hivi ni hatua nzuri kweli, ila usisahau Hawaii. Kisanduku kinachopokea na kutuma kwa redio moja kwenye chaneli moja hutumia zamu mbili kwa kila pakiti: moja ya kupokea, moja ya kupitisha. Kasi inakatika nusu, na ukipitia kisanduku cha tatu inakatika tena. Ndiyo maana vilivyo bora vina redio ya ziada ya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Na redio hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya masafa ya juu, ndiyo inayoumizwa zaidi na slabu yetu ya zege. Ukiweza kupitisha kebo ya Ethernet kati ya visanduku, mchezo wote unabadilika. Hapo hewa inabaki kwa ajili ya simu, na mizigo ya kisanduku hadi kisanduku inapita kwenye waya.

Bado kuna kero moja ambayo haitibiwi na visanduku vingi. Mmoja anapakia video, na papo hapo mwalimu wa darasa la mtandaoni anaanza kukatikakatika kwa wengine wote. Kasi ipo, lakini kila kitu kinachelewa. Mwaka 2010 Jim Gettys, mkongwe wa kompyuta aliyekuwa Bell Labs, aliliona hilo nyumbani kwake alipokuwa akinakili mafaili kwenda kazini. Badala ya kulaumu kampuni ya mtandao alipima, akagundua kwamba vifaa vya njiani vimejazwa maghala makubwa ya kuhifadhi pakiti. Kumbukumbu ilikuwa imekuwa rahisi, watengenezaji wakaweka nyingi wakidhani ni wema. Pakiti ya sauti ikifika inakuta foleni ndefu ya video mbele yake na inasubiri kama sisi wengine kwenye foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha dawa, CoDel, inayotazama pakiti imekaa foleni kwa muda gani badala ya kutazama foleni ina urefu gani. Katika mwaka huo huo Linux ikapata fq_codel, inayompa kila mzungumzaji foleni yake ili mwenye mzigo mdogo asizuiwe na mwenye lori. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake wakaigeukia ile barua ya kurasa ishirini ya Grenoble: Linux ikaanza kugawa muda wa hewani sawa, badala ya idadi ya pakiti. Nyingi ya kazi hizi zilijaribiwa kwanza ndani ya OpenWrt, ule mradi uliotokana na kisanduku cha bluu cha 2002. Dave Täht, aliyeipigania kazi ya foleni kwa kelele na ukaidi kuliko mtu yeyote, alifariki Aprili 2025.

Wi-Fi 6 nayo iliongeza uwezo wa ruta kukigawa kipindi kimoja cha hewani kati ya vifaa kadhaa kwa mpango. Kwa hiyo baada ya nusu karne baraza limeanza kupata mwenyekiti. Kwa nyumba ya vifaa arobaini, hiyo ndiyo sababu ya kuchagua 6 au 7 kuliko 5, hata kasi ya juu isipokuvutia. Ila kifaa chako nacho lazima kiielewe lugha hiyo. Kamera ya bei rahisi ya 2.4 haitaielewa.

Usalama nitaugusa haraka. Mei 2018 FBI iliwaomba watu duniani wazime na kuwasha ruta zao kwa sababu programu haramu, VPNFilter, ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000. Ruta isiyopata masasisho ni mlango usio na kitasa. Kabla ya kulipa, tafuta mtengenezaji anaahidi masasisho hadi mwaka gani. Kama hasemi, tazama kama OpenWrt inaikubali ruta hiyo. Hapo angalau kuna watu wengine watakaoitunza akiichoka.

Sasa dukani. Ningeanza na mchoro wa nyumba, si orodha ya ruta. Runinga, mashine ya michezo na chochote kisichotembea nikivute kwenye waya, maana kila kifaa kinachotoka hewani kinawaachia wengine zamu. Kila ghorofa kituo chake, nyumba ndefu viwili kwa ghorofa, vyote vimeungwa kwa kebo, nguvu za redio zimepunguzwa ili simu ising'ang'anie kituo cha mbali. Kamera ya langoni ipate kebo au kituo cha karibu. Pesa ya ruta moja ya buibui mara nyingi inatosha vituo vitatu vya kawaida na swichi. Kisanduku cha kampuni ya mtandao kibaki modemu tu kama wanaruhusu, ili kusiwe na makarani wawili wenye madaftari mawili. Katikati kiwe na ruta moja yenye kumbukumbu ya kutosha, yenye fq_codel au ndugu yake mdogo CAKE, nawe uipangie kasi chini kidogo ya ile unayolipia, ili foleni ikae kwako unapoweza kuisimamia.

Na kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi wa umeme aweke paipu tupu ya kupitishia kebo kutoka chumba cha mita hadi dari ya kila ghorofa, na moja hadi langoni, kabla ukuta haujapigwa plasta.